Albamu Tano za Tekno na Ile Isiyo na Maandishi

Detroit, 11 Machi 2019

Kwako Orlene Pettway, huko Mobile kwenye joto,

Hakuna albamu ya tekno, huu muziki wetu wa mashine, iliyowahi kutoka mji huu ambayo mimi sijaisikiliza mwanzo hadi mwisho, tena zaidi ya mara tatu. Niulize yoyote.

Usiniulize. Ni uongo. Nilizibana kwa mashine miaka ishirini na moja pale kiwanda cha santuri, nikazitia kwenye majalada, nikazipanga kwenye maboksi. Kama ni kuzishika, naapa nimezishika zote. Kuzisikiliza, nimesikiliza kumi na nne. Labda kumi na tatu, maana moja nililala kabla haijafika katikati, na marehemu mke wangu Earline ndiye aliyeizima. Lakini watu wa maktaba hawayajui hayo, na wewe hutawaambia.

Nakuandikia kwa sababu ukiona namba yangu kwenye simu unakata. Barua haikatwi. Utaichana, lakini lazima uishike kwanza.

Habari yenyewe ni hii. Wiki ya tamasha la tekno la Mei, watu watakapokuwa wanamiminika kule kando ya mto kutoka kila pembe ya dunia, maktaba ya mtaa wetu itaweka meza. Wamewaomba wazee wachache, kila mmoja achague albamu zake sita bora za tekno na aseme kwa nini. Santuri zenyewe zitakuwepo mezani, watu wakae wazisikilize. Mwenye kazi hiyo ni binti mmoja wa miwani, Bi. Quarles. Alikuja mlangoni kwangu akasema, "Mzee Rudd, nasikia wewe ni mtu wa santuri." Nikamwambia, "Mwanangu, nusu ya tekno ya dunia imepita kwenye viganja hivi." Akaviangalia. Nikavigeuza aone na upande wa pili.

Orlene, sijafurahi hivi tangu nistaafu. Nimezitoa zote chini ya kitanda, nimezitandaza sebuleni, natembea kati yake kwa vidole vya miguu kama mwizi. Orodha mpaka leo hii, nikianzia mkiani: ya sita ni "Lifti ya Jengo Tupu" ya yule aliyejiita Kanali Volti. Siku tuliyoijaribu kiwandani, besi ilipoingia meneja alidhani mashine imepasuka akazima umeme jengo zima. Albamu inayomtia meneja hofu ina haki ya kuingia popote. Ya tano, "Theluji ya Jumatatu", yule mtoto wa mji wa Inkster aliyerekodi akiwa na mafua. Kwenye wimbo wa tatu unamsikia anavuta kamasi, na ngoma inaingia palepale kwenye mvuto. Nani mwingine duniani amepiga ngoma kwa kamasi? Ya nne ni "Nyota za Kukodi" ya ndugu wawili Stallings. Ya tatu, "Mama Yangu Anaipenda Hii", na kweli mama yake aliipenda, alikuja kiwandani na teksi akabeba boksi zima. Ya pili ni "Joto la Injini", ambayo Earline aliipigia deki miaka kumi na moja. Sakafu ile ukiinama unajiona meno.

Ya kwanza ni yako.

Usiitupe barua bado. Ile ya mwaka 1991, ninayo. Maktaba wanataka vitu viwili kutoka kwa kila msanii, jina la albamu na saini kwenye fomu, ambayo nimeitia humu. Mwisho ni tarehe mosi Mei. Jina silijui, lebo yake ya katikati ni nyeupe tupu. Niambie jina, tia saini, basi.

Rafiki wa baba yako, mzima kiasi,
Cleotha Rudd

*

Mobile, 19 Machi 2019

Anko Cleotha,

Shikamoo. Hiyo ni kwa heshima ya marehemu baba, si kwa ajili yako.

Jibu ni hapana. Fomu yako nimeirudisha kama ilivyokuja.

Mimi sasa naendesha basi la shule, na Jumapili napiga kinanda kanisani. Naishi vizuri. Sina kinyongo na mtu. Lakini nikukumbushe, maana naona umesahau. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Miezi kumi na minne nilikaa kwenye chumba cha chini cha mama, pembeni ya tanuru la kupashia nyumba joto, nikipanga sauti moja moja kama mtu anayechambua mchele. Ukazibana wewe, santuri mia tatu, zikaenda madukani. Mwezi mmoja baadaye wewe, Anko, kwa kinywa chako, ulisimama barazani kwa mama na kofia mkononi ukaniambia: "Orlene, zimerudi zote. Watu hawakuzipenda."

Watu wa Detroit! Watu wanaoweza kucheza hata mlio wa mashine ya kufulia! Wao ndio hawakuzipenda. Nikauza mashine ya ngoma, nikauza kinanda, nikapanda basi kuja kwa shangazi. Leo unikalishe namba moja ili watu waseme mzee Cleotha anamhurumia mtoto wa rafiki yake? Sitaki kuhurumiwa mezani, tena kupitia visikizio masikioni mwa watu.

Na uliniambia zote zilisagwa na kuyeyushwa. Sasa hiyo unayo vipi? Labda ni ile ya majaribio, inayobanwa kabla ya zote, maana za majaribio ndizo zenye lebo nyeupe.

Basi, nimemaliza.

Ila hili la ndugu Stallings. Namba nne? Anko, umekula nini? Umewahi kusikiliza "Nyota za Kukodi" upande wa pili, ile dakika ya saba, wanapoondoa kila kitu, besi, matoazi, kila kitu, wanabakiza makofi tu, na makofi yenyewe yako nyuma kidogo ya mahali unapoyatarajia, mpaka mwili wako wenyewe unajaza ngoma isiyokuwepo? Hakuna mtu aliyefanya hivyo kabla yao. Wote waliofuata waliiba pale, na mimi niliiba pale. Na unaiweka chini ya muziki wa kupigia deki! "Joto la Injini" ni nzuri, sikatai, lakini nyimbo nne kati ya nane ni wimbo mmoja uliobadilishwa shati. Na Kanali Volti umemtaja kwa sababu ya meneja wako. Mtaje kwa sababu ya ule ukimya wa sekunde mbili kwenye wimbo wa mwisho. Mtu anayejua kunyamaza kwenye tekno ni adimu kuliko anayejua kupiga.

Nimeona nimeandika kurasa tatu. Sikukusudia.

Orlene

*

Detroit, 26 Machi 2019

Orlene mwanangu,

Hapana yako nimeipokea, nimeikunja, nimeiwekea kikombe cha kahawa juu. Kurasa tatu! Mtu aliyeachana na tekno haandiki kurasa tatu kuhusu makofi. Stallings nimewapandisha mpaka ya pili, "Joto la Injini" limeteremka hadi ya nne, na Earline huko aliko ameshika ufagio ananisubiri.

Sasa keti, kama umesimama. Kama unaendesha basi, egesha.

Jumapili mchana nilikwenda kwenye ukumbi wa viatu vya magurudumu, ile saa ya watu wazima. Unawajua wale: makoti ya kumetameta, viuno vya chuma, kila mmoja ana mtelezo wake na hataki kufundishwa. Nilichukua sahani yako moja ya santuri kwenye boksi, nikaibana kwapani, nikamwendea dijei. Ni Ervin Loftis, ana miaka hamsini na mbili anajiona ishirini.

"Nini hii, Mzee?"

"Weka."

Akaigeuza. Nyeupe huku, nyeupe kule. Akaweka sindano ukingoni kama kawaida. Shhh. Shhh. Shhh. Palepale, haiendi mbele hairudi nyuma. Watu wakaanza kunipigia mluzi. Bi. Odessa Crume akapita anateleza kinyumenyume, miaka sabini na mmoja, akanipigia kelele: "Cleotha, umetuletea mvua?"

Ervin akasema, "Mzee, hii imekufa."

"Labda babu yako ndiye aliyekufa. Ipe sindano kule ndani kabisa, karibu na lebo. Halafu uiache, itatoka yenyewe."

Akanitazama kama nimemwambia avae suruali kichwani. Akaweka ndani.

Orlene! Ikaja ile sauti ya mwanzo, ile kama geti la kiwanda linavutwa. Halafu kengele mbili. Halafu ngoma, bila hodi. Waliokuwa wanakunywa soda wakaacha soda. Ukutani hakubaki mtu. Watu sabini kwenye magurudumu, na sijui nani aliyeanza, hakuna aliyesema neno, wakajikusanya katikati wakabanana, wakaanza kuzunguka. Muziki ukizidi kufunguka na wao wanafunguka, duara linapanuka, linapanuka, mpaka dakika ile besi yote inaingia walikuwa wamefika kwenye ukingo wa sakafu, makoti yanapepea, Bi. Odessa mbele na nyonga yake ya kupandikizwa, anapiga yowe kama msichana.

Ilipokwisha wakasema tena. Ervin akarudia. Tena. Mara tatu! Mimi nimekaa kwenye benchi, nimeshika kofia kwa mikono miwili, nikaona machozi yananitoka kwa kikohozi.

Bi. Odessa akaja akijipepea. "Nani huyo?"

"Mtoto wa Amos Pettway."

"Yule wa chumba cha chini? Huyo msichana alikuwa na kitu kama hiki halafu hakutuambia?"

Sasa niambie nimjibu nini. Fomu nimeitia tena humu. Ina alama ya kikombe, lakini bado ni fomu.

Cleotha

*

Mobile, 2 Aprili 2019

Anko,

Nimeisoma barua yako kwenye kiti cha dereva, basi likiwa tupu, nikaisoma tena kwa sauti, nikapiga honi bila kukusudia.

Walizunguka kutoka ndani kwenda nje? Na hakuna aliyewaambia? Hivyo ndivyo nilivyoitengeneza! Ndiyo maana niliomba ikatwe kinyume, ianzie kwenye lebo. Wewe unalijua hili kuliko mimi: karibu na lebo mfereji wa sindano umebanana, sauti haina mahali pa kunyoosha miguu, ukingoni ndiko kuna nafasi. Kila mtu anaanza na nafasi anamalizia kwenye msongamano. Mimi nilitaka wimbo uanze umebanwa, umalizike una uwanja mzima. Na miguu ya watu ikaelewa! Anko, miguu ilielewa!

Bi. Odessa Crume! Alinifundisha kusoma noti. Kwa hiyo walirudia mara tatu? Huongezi? Wewe ni mtu wa kuongeza.

Sasa swali. Moja tu, na nimelizungusha kichwani tangu jana.

Unasema uliitoa kwenye boksi, na ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Sahani za majaribio zilikuwa mbili tu, na nimekagua, zote ziko hapa kwangu, chini ya vitabu vya nyimbo. Kwa hiyo hiyo ni moja ya zile mia tatu. Mimi zile mia tatu sikuziona, zilitoka kiwandani moja kwa moja hadi madukani. Lakini nilikupa karatasi, Anko. Nilikupa mkononi, mlangoni pa kiwanda, ina maneno ya kuchapwa kwenye lebo. Jina la albamu, jina langu, na chini yake kwa herufi kubwa: ANZIA NDANI.

Kwa nini Ervin Loftis hakusoma ANZIA NDANI?

Orlene

*

Detroit, 8 Aprili 2019

Mwanangu mpendwa sana,

Goti langu la kushoto limevimba. Mashimo ya barabara mwaka huu yamekuwa makubwa hivi kwamba jirani yangu amepanda maua kwenye moja. Theluji ya mwisho imeyeyuka, tumeona kila kitu ambacho watu walitupa tangu Desemba.

Orodha inaendelea vizuri sana. Nimefikiria kumtoa yule wa mafua nimwingize mtu mwingine, unasemaje? Wewe una sikio.

Kuhusu lile swali lako, wino wa zamani ulikuwa na tabia ya kufifia. Ndivyo ilivyokuwa miaka ile. Usijisumbue nalo. Tia saini.

Wako mwenye goti,
Cleotha

*

Mobile, 13 Aprili 2019

Anko,

Wino haufifii kwenye santuri mia tatu ukaacha nyeupe safi.

Swali langu ni lilelile. Nimekuwekea bahasha yenye stempu, usije ukaniambia posta ilifungwa.

Orlene

*

Detroit, 20 Aprili 2019

Orlene,

Barua hii nimeianza mara sita. Leo hakuna mzaha, au nitajaribu.

Ile karatasi niliitia mfuko wa shati. Sikuisoma. Unajua shule niliishia darasa la tano, na karatasi yenye maandishi huwa naiweka mpaka nikae peke yangu niisome polepole bila mtu kunitazama mdomo. Earline akafua shati. Asubuhi nikatoa mfukoni donge la karatasi kama uji.

Ningekuja kwako nikuombe nyingine. Ni mitaa minne. Lakini nilikuwa nimejitapa mbele yako na mbele ya baba yako kwamba kazi ya mtoto wetu naisimamia mimi mwenyewe, hakuna kosa litakalopita. Na mwezi ule vijana wote wakali walikuwa wanataka lebo tupu, bila jina, bila neno, ndiyo ilikuwa fasheni. Nikamwambia mtu wa kuchapa lebo, "Hii nayo nyeupe." Nikajiambia nimekufanyia hisani. Nikajiambia dijei yeyote mwenye akili atajua pa kuanzia.

Hawakujua. Waliweka sindano ukingoni, wakasikia alichosikia Ervin. Mwezi mmoja, zikarudi kiwandani mia mbili tisini na moja, na juu ya boksi la kwanza mtu wa duka ameandika: HAZISEMI KITU.

Nilijua siku ileile, Orlene. Sikujua baadaye, sikujua mwaka jana. Siku ileile nilichukua moja nikaiweka sindano ukingoni mwenyewe, nikasikia mvua, nikajua ni mimi. Wakati ule walikuwa wanapunguza watu kazini. Ningesema kosa ni langu, ningetoka mlangoni jioni hiyo. Basi nikavua kofia nikaja barazani kwa mama yako, nikawasingizia watu wa mji mzima. Hakuna aliyezichukia. Hakuna aliyezisikia.

Nilidhani utakasirika wiki moja utengeneze nyingine, hiyo nitaisimamia kwa macho yote mawili. Wewe ukauza vyombo ukapanda basi. Kila mwaka nikasema nitamwambia Krismasi. Baba yako nilimzika bila kumwambia.

Meneja aliniagiza nizisage. Unajua inavyokuwa, unatoboa katikati utoe lebo, kinachobaki kinasagwa, kinayeyushwa, kinabanwa albamu ya mtu mwingine. Nilitoboa hamsini na moja. Nilipofika ya hamsini na mbili mkono ulikataa. Zilizobaki nilizitoa kwa mlango wa nyuma, nane kwa nane chini ya koti, wiki sita, meneja akidhani nimenenepa. Ziko hapa, kwenye chumba cha kofia cha Earline, zimesimama wima, kavu, hakuna hata moja iliyopinda. Mia mbili na arobaini. Zile hamsini na moja ziliingia kwenye santuri ya Krismasi ya kwaya moja ya Toledo. Ile kwaya inadunda kuliko inavyostahili.

Samahani, nilisema hakuna mzaha.

Orodha nikiiandika bila yako ni uongo mwingine. Ndiyo sababu nilikuandikia Machi, nikitumaini utatia saini bila kuuliza, nipate kulipa deni bila kulitaja. Huo ndio ujanja wangu wote, umeuona ulivyo mfupi.

Cleotha Rudd

*

Detroit, 2 Mei 2019

Orlene,

Sijapata neno lako na sikulaumu.

Jana nilipeleka orodha kwa Bi. Quarles. Nimeandika tano, na kwenye ya kwanza nimeacha kadi tupu. Akasema, "Mzee Rudd, umesahau moja." Nikasema, "Nilisahau mwaka 1991." Nikamweleza yote, mbele ya mtu aliyekuja kurudisha vitabu vya bustani. Yule mtu akaacha vitabu vyake akakaa kusikiliza.

Bi. Quarles akavua miwani. "Bila saini yake siwezi kuiweka mezani."

"Najua."

"Nitaiacha kadi tupu palepale mpaka asubuhi ya ufunguzi. Ijumaa tarehe ishirini na nne. Baada ya hapo naiondoa."

Hayo tu. Ervin ananisumbua kila Jumapili anataka ile sahani. Nimemnyima. Si yangu kuitoa.

Cleotha

*

Mobile, 9 Mei 2019

Anko Cleotha,

Siku kumi na tatu sikuongea na mtu vizuri. Niliufunga mlango wa basi kwa nguvu mpaka fundi akaniuliza kama una hitilafu. Nilikuandikia barua nne ambazo kama ningezituma, mwenye kuzileta angeungua vidole.

Umenichukulia miaka ishirini na nane. Sitakuambia nimekusamehe, kwa sababu sijakusamehe, na kwa sababu msamaha wa kwenye barua ni rahisi mno kwako na kwangu. Utanitazama usoni kwanza. Utaniambia tena maneno yale, barazani, na kofia mkononi, halafu tutaona.

Lakini Jumatano nilikuwa nakaanga samaki, nikasema kwa sauti, peke yangu: hawakunikataa. Nikalisikia. Nikazima jiko. Hawakunikataa! Miaka yote hii, kila nikisikia tekno kwenye redio ya gari la mtu, nilikuwa nabadilisha upande wa barabara kama mtu anayemwona mume wa zamani. Kumbe mimi na hao watu hatujawahi hata kukutana! Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nikaitoa sahani ya majaribio chini ya vitabu vya nyimbo, nikaenda kanisani mchana hakuna mtu, nikaiunganisha kwenye spika za kwaya, nikaweka sindano ndani.

Ni nzuri, Anko. Nilikuwa nimesahau. Wimbo wa pili ni mrefu mno, ningekata dakika moja na nusu, lakini wa nne, sijui ule niliutoa wapi. Mchungaji aliingia, nikadhani nimekwisha. Akasimama mlangoni akatikisa kichwa kwa mdundo, akasema, "Dada Orlene, hii ni ya ibada gani?" Nikamwambia, "Ya watu wanaotoka kazini."

Kwa sababu jina lake ndilo hilo. "Zamu Zinapopishana". Saa tisa alasiri, geti la kiwanda, wewe na baba mnatoka, wengine wanaingia, barabara nzima imejaa watu wa pande mbili wanasalimiana bila kusimama. Niliwasikiliza kila siku kutoka dirisha la shule. Sikuwahi kukwambia. Ilikuwa kwenye karatasi.

Fomu iko humu, nimetia saini juu ya alama ya kikombe. Masharti yangu ni haya.

Mimi si namba moja. Namba moja ni Stallings, na anayebisha aje nimwonyeshe dakika ya saba. Mimi ni ya tatu. Nikikuta umeniweka juu ya hapo nitaing'oa ile karatasi mbele ya watu wa maktaba. Nimengoja miaka mingi kusikilizwa, sitaki kubebwa.

Na zile mia mbili na arobaini hazitoki kwenye chumba cha kofia zikiwa tupu. Utaziandika wewe, kwa mkono wako. Jina la albamu, jina langu, ANZIA NDANI. Pande zote mbili, kila moja. Hutampa mtu akusaidie, na hutaniambia goti linauma kwa sababu huandiki kwa goti.

Nafika Jumatano tarehe ishirini na mbili kwa ndege. Usije kunipokea, unaendesha gari kama unavyosema kweli. Nitachukua teksi.

Orlene Pettway

*

Detroit, 14 Mei 2019

Orlene, Orlene, Orlene,

Nimemsomea Bi. Quarles fomu yako mlangoni pa maktaba kabla hajafungua kufuli. Ameniruka shingoni, miwani ikanipiga jicho, na sasa nina jicho jekundu ambalo kila mtu anauliza nilipigana na nani. Kadi si tupu tena. Ameichapa: "Zamu Zinapopishana", Orlene Pettway, 1991. Ameiweka ya tatu. Nilimwomba ya pili, akakataa, anakuogopa kabla hajakuona. Ervin ameweka tangazo kwenye mlango wa ukumbi. Bi. Odessa ameshona koti jipya, na anasema ana maneno na wewe kuhusu kumnyima muziki miaka ishirini na nane. Nimemwambia maneno hayo anitolee mimi. Akanitolea. Alianza saa nne asubuhi, akamaliza saa sita.

Sasa ninaandika lebo. Nimekaa mezani tangu Jumamosi. Nimemaliza thelathini na tatu, pande zote mbili. Za kwanza kumi herufi zinapanda mlima, utazitambua. Kwenye ya ishirini na sita jina lako limekosa nafasi, "Pett" iko juu na "way" imezunguka nyuma ya tundu kama inatafuta choo. Sikuitupa. Lakini nikwambie kitu: nikifika kwenye ANZIA NDANI naandika polepole, mdomo unatembea, na sijali nani ananitazama.

Zimebaki mia mbili na saba. Kwa mwendo wangu nitafika Juni, na watu wa tamasha wanazitaka Ijumaa. Umesema nisimpe mtu anisaidie, na mimi nimeshika amri. Ila kuna jambo dogo la zamani. Mwaka 1988 nilikubebea vile vinanda viwili kutoka kwa muuzaji wa mtaa wa Livernois hadi chumba cha chini cha mama yako, ngazi kumi na nne, kwa mgongo huuhuu, na wewe ukasema mbele ya baba yako, "Anko, unanidai mchana mmoja wa kazi, siku yoyote utakayosema."

Nasema Alhamisi. Baada ya baraza na kofia, baada ya kunitazama usoni na kuamua utakavyoamua. Hata kama utaamua kutoniamkia tena. Meza ni kubwa, nimekuwekea kiti upande wa dirisha. Mimi nitaandika upande wa kwanza, wewe uandike wa pili.

Njoo na kalamu, hii yangu imeanza kukwaruza.

Cleotha